Karatasi ya Kodi Niliyompa Kakangu

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiwajazia watu fomu za kodi katika chumba kimoja huko Brooklyn Center, kati ya duka linalouza unga wa muhogo na saluni ya kusuka nywele. Sina haja ya kujisifu, ila nitajisifu: kazi hii naiweza. Wakongomani wa makanisani huja kwangu, Wakenya huja, Waliberia huja, na hata wazungu wachache wa mtaani waliochoka kusikilizishwa muziki kwenye simu za makampuni makubwa. Mtu akiniambia, "Dada, we ndiyo unajua," huitikia kwa kichwa kama hakimu, kwa sababu kweli najua. Hapo ndipo penye shida. Kosa ninalotaka kulisimulia sikulifanya kwa kutojua.

Kakangu ananizidi miaka mitano. Alishinda bahati nasibu ya viza katikati ya miaka ya tisini, akatua Marekani na suti moja ya kuazima, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amejiandikisha jeshini. Sisi Mombasa tukaletewa picha yake akiwa na kofia na kifua kimemtoka, na mamangu akaitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Miaka ikapita, kakangu akapandishwa cheo mpaka akawa sajenti, akaoa muuguzi kutoka kwetu huko huko pwani, akahamishwa kambi hata tukaacha kuzihesabu. Mimi nilikuja Minnesota kusoma, nikaolewa, nikabaki. Nilipofaulu mtihani wa washauri wa kodi, cheti changu kilikaa kwenye droo. Hakuna aliyekitundika, na mimi nilijikausha kana kwamba sijali.

Mama alikuja kwangu mwaka 2006, baada ya baba kufariki. Makaratasi yake niliyaomba mimi, maana kakangu wakati huo alikuwa vitani na hapana aliyethubutu kumsumbua kwa fomu. Tukampa chumba kinachopata jua la asubuhi. Mume wangu, anayefanya kazi kwenye ghala moja kubwa kule Shakopee, alimpokea vizuri kuliko nilivyotarajia, na miaka yote ile sikumsikia akinung'unika.

Lakini kwetu mama mkwe ni mgeni katika nyumba ya mkwewe, hata akae miaka mia. Mamangu alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Mume wangu akiingia jikoni, yeye hutoka. Hafungui friji kama mkwe yuko sebuleni. Siku za baridi kali hagusi kile kifaa cha ukutani cha kupandisha joto. Hujifunga leso tatu na kunisubiri nirudi kazini. Mume wangu alimsihi siku moja, "Mama, hii nyumba ni yako, jihisi uko kwako." Mama akasema ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie, na kesho yake akapiga hodi kabla ya kuingia jikoni.

Kwenye harusi na maulidi, wanawake wakimuuliza anakaa wapi, jibu lake lilikuwa moja.

"Nipo kwa mkwe. Namngoja mwanangu amalize jeshi."

Nilikuwa nalisikia jibu hilo huku nimemshikia sahani yake ya pilau, na lilikuwa likinichoma. Nani aliyempeleka hospitali figo zilipoanza kuchoka? Nani aliyejifunza kumpikia bila chumvi, na kumchemshia viazi mara mbili ili vitoe yale madini ya potasiamu ambayo madaktari hawayataki? Alipoanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, mimi ndiye niliyepanga wateja wangu wote kuzunguka Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Na bado nyumba yangu ilikuwa kituo tu, mahali pa kungojea. Nilimpenda mamangu sana, na nilimwonea kakangu kijicho kwa kitu ambacho hata hakukiomba. Hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu miaka mingi bila kugombana.

Kakangu alistaafu Agosti 2015, akiwa na miaka ishirini ya utumishi, na kambi yake ya mwisho ilikuwa Texas. Askari wa Marekani akimaliza miaka hiyo huanza kupata pensheni papo hapo, hata kama nywele zake bado nyeusi. Na jeshi humlipia kuhama mara moja ya mwisho, popote atakapochagua kuishi, almuradi ahame ndani ya mwaka mmoja. Kakangu akapanga nyumba kwa muda, akaanza kazi ya ulinzi wa ghala la dawa, akawa anafikiri. Wenzake walimjaza maneno. Wanajeshi waliokaribia kustaafu huzungumza habari za kodi kama wanaume wengine wanavyozungumza mpira: jimbo gani linagusa pensheni, jimbo gani haligusi, nani alihamia wapi akajuta.

Februari mwaka 2016 alinipigia simu ofisini, wakati nje ya mlango wangu wateja wamepanga mstari na theluji inawadondoka mabegani.

"Sikiza, mdogo wangu," aliniambia. "Mimi nataka kuja huko. Mama anazeeka, na siwezi kumleta huku, si ndiyo?"

Hakuweza. Matibabu ya mama yalilipiwa na bima ya jimbo la Minnesota, na bima hiyo haikuwa ya kufungwa kwenye mzigo ikapelekwa Texas. Ikiwa mama atakaa kwa mwanawe, basi ni mwanawe atakayekuja. Sote watatu tulilijua hilo.

"Ndiyo," nilimjibu.

"Lakini wasee wa hapa wananiambia Minnesota wana-tax pensheni ya army kama mshahara tu. Texas hawagusi hata peni. Ni ukweli?"

"Ni kweli."

"Basi nipigie hesabu. Wewe ndiye unajua. Ukiniambia inawezekana, nakuja. Ukiniambia nitaumia, nakaa. Nina mpaka Agosti kabla move ninayolipiwa na jeshi haijaisha."

Nikamwambia anipe siku mbili.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu watu wetu. Katika kila ukoo uliohamia huku huwa kuna mtu mmoja wa magari, mmoja wa uhamiaji, mmoja wa hospitali na mmoja wa kodi. Akishasema, basi. Kwenda kumuuliza mtu wa nje baada ya ndugu yako kukushauri ni kumvunjia heshima, ni kumtangaza kuwa hafai. Kakangu alikuwa na mshauri wa bure kambini, mtu anayelipwa na serikali kuwaeleza askari mambo hayo hayo. Hakwenda. Angekwendaje, na dadake anafanya kazi hiyo?

Niliiandika karatasi ile siku ya Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa. Ukurasa mmoja, safu mbili. Upande wa Minnesota niliandika kodi ya jimbo juu ya pensheni yake yote. Nikaongeza kwamba kuna nafuu ndogo kwa askari aliyetumikia miaka ishirini, lakini nafuu hiyo ina kikomo: kipato cha nyumba kikipita kiwango fulani inayeyuka yote, na mshahara wa wifi yangu peke yake ulikuwa umekipita. Upande wa Texas niliandika sifuri, nikaikoleza wino. Chini nikaweka jumla ya kitakachompotea kwa mwaka. Hakikuwa kiasi cha kumfilisi mtu. Kilikuwa kama bei ya tairi nne mpya na makoti ya baridi ya watoto wake wawili. Lakini nikakizidisha mara miaka ishirini, na chochote ukikizidisha mara miaka ishirini kinatisha.

Hakuna nambari hata moja ya uongo katika karatasi ile. Ningeweza kuiapia. Ila huko Texas kodi anayotozwa mwenye nyumba na ardhi kila mwaka ni nzito kuliko yetu, na mimi sikuiweka. Mteja wa kawaida angeketi mbele yangu ningeiandika mstari wa kwanza. Nilijiambia kwamba kakangu aliniuliza habari ya pensheni, hakuniuliza habari ya nyumba. Nilijiambia hivyo kwa sauti, peke yangu, ofisini.

Wiki ya pili ya Machi alikuja mzee mmoja wa Kimarekani ambaye nilimjazia fomu kila mwaka. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mjane, na alivaa kofia yenye jina la kikosi chake hata ndani ya nyumba. Mwaka ule alikuwa mchangamfu. Akaniambia kwamba karibu kila wiki anapanda basi kwenda Saint Paul, kwenye jengo la bunge la jimbo, yeye na wenzake, kukaa kwenye viti vya nyuma na kofia zao ili wabunge wawaone. Walikuwa wanadai pensheni za jeshi ziondolewe kodi.

"Mwaka huu itapita," alisema. "Pande zote mbili wanaitaka. Si wewe una kaka jeshini?"

"Ninaye."

"Mwambie asubiri asiamue kitu."

Nikamshukuru. Nikampa nakala zake, nikamsindikiza hadi mlangoni kwa sababu kulikuwa na barafu, nikarudi kwenye kiti changu. Ujumbe ule ulikuwa mwepesi, maneno mawili tu, na simu ilikuwa mbele yangu. Nikaita mteja aliyefuata.

Siku tano baadaye kakangu alipiga. Alikuwa amepata nyumba, wifi ameipenda, na aliyekuwa akiiuza alitaka jibu kabla ya jioni.

"Nisaini?" aliniuliza.

Nakumbuka nilikuwa nimeshika chai. Nakumbuka Mkongomani mmoja alikuwa ameketi mbele yangu na karatasi zake za kazi tatu, anasubiri kwa adabu, akijifanya hasikii. Nilikuwa na nafasi ya kusema "subiri". Badala yake nilifikiri: akija, mama atahama. Atahama wiki hiyo hiyo, hatageuka nyuma. Watu watamuuliza anakaa wapi, na atasema yupo kwake. Na mimi nitakuwa yule binti aliyemhifadhi kwa muda.

"Saini," nilisema.

Jioni hiyo akampigia mama mwenyewe. Mama alikuwa na kawaida ya kuweka simu juu ya meza na kuipaza sauti isikike nyumba nzima, kwa hiyo sote tulisikia. Kakangu alijitahidi kumweleza: pensheni, kodi, jimbo, hesabu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo serikali ya huku imekukataa," alisema.

"Si kunikataa, mama. Wanakata pesa yangu."

"Mwanangu, mtu akikukata si amekukataa? Basi usitete na serikali. Kaa huko huko. Mimi niko salama, mkwe ananitunza."

Alizima simu, akakunja leso yake, akamwomba mume wangu radhi kwa zile kelele. Akaingia chumbani akaswali rakaa nyingi kuliko kawaida. Mimi nilibaki jikoni naosha sufuria iliyokuwa safi. Moyo uliniuma, sikatai, lakini kwa aibu naandika kwamba palikuwa na kipande kidogo ndani yangu kilichofurahi.

Theluji ilipokwisha, kabla ya kiangazi, sheria ikapita. Kuanzia mwaka ule ule, pensheni za jeshi hazitozwi tena kodi na jimbo la Minnesota, bila kikomo cha kipato. Mzee wa kofia aliniletea boksi la donati. Alikuwa amelia, macho bado mekundu, na alitaka kumkumbatia mtu akanikumbatia mimi. "Kaka yako atafurahi," alisema. Nilikula donati moja mbele yake ili asinione nilivyo.

Jeshi lilikuwa bado tayari kumlipia kakangu kuhama hadi Agosti. Nyumba aliyokuwa amenunua ingeweza kuuzwa, au kupangishwa. Kila asubuhi nilijiambia nitampigia nikitoka kumpeleka mama kwenye mashine. Nikitoka, nikajiambia nitampigia jioni akishatoka kazini. Nilijiambia huenda amekwisha sikia, mtu kama yeye hawezi kukosa kusikia. Nilijiambia watoto wake wamezoea shule. Sababu nilizipata nyingi, na zote zilikuwa nzuri. Agosti ikaisha, nami nikashusha pumzi kama aliyenusurika ajali, kisha nikachukizwa na nafsi yangu hata sikuweza kula.

Tangu mwaka uliofuata, fomu ya jimbo ilikuwa na sehemu mpya ya kuiondoa pensheni hiyo kwenye kipato. Nilikuwa na wateja watatu au wanne wanaostahiki. Niliijaza sehemu ile kwa watu baki, nikawaeleza kwa ufasaha, wakanishukuru.

Mama naye aliendelea kuilaumu serikali. Alipokuwa akimwona gavana kwenye televisheni aligeuza uso ukutani, na mume wangu, asiyejua lolote, akacheka akasema mama amekuwa mpinzani. Mwaka 2018, wakati wa kampeni, msichana mmoja wa Kizungu alipiga kengele yetu na makaratasi ya mgombea mkononi. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni watu wa serikali, wanaomba kura. Mama akasimama. Akajifunga leso vizuri, akaja mpaka kizingitini, akamshika yule msichana mkono.

"Mwambie," aliniamrisha bila kumwachia. "Mwambie nina mwana mmoja wa kiume. Amewapigania miaka ishirini, hakuwatoroka hata siku moja. Sasa wamemkatalia asikae na mamake, na mimi damu yangu inapita kwenye mashine, sijui nina siku ngapi. Mwambie simdai mtu kitu. Nataka wamruhusu tu."

Msichana alinitazama, anangoja. Alikuwa na uso mwema.

"She says thank you for coming," nilimwambia. "She says it's cold, please be careful." Shukrani, na ajihadhari na baridi; basi.

Msichana akatabasamu, akamminya mama mkono, akaenda nyumba ya pili. Mama alimtazama mpaka alipopotea. Kisha akanitazama mimi.

"Maneno yangu yalikuwa mengi kuliko hayo," alisema.

"Kiingereza ni kifupi, mama."

Alirudi kwenye kiti chake. Miaka kumi na miwili ndani ya nchi, na televisheni siku nzima. Sikujua ni Kiingereza kiasi gani kilichomwingia, na sikuthubutu kupima. Mchana ule nilimkaangia samaki anayempenda, mkubwa kuliko daktari anavyoruhusu. Alikula kidogo akanishukuru kama anavyomshukuru mkwe.

Alifariki Februari iliyofuata, siku ya Jumanne, kwenye kiti chake cha mashine, leso iko kichwani na tasbihi iko mkononi. Wauguzi walilia. Kakangu alifika kesho yake na ndege ya kwanza, yeye na mkewe na watoto, wamevaa makoti mepesi ya Texas. Ardhi ya makaburi ilikuwa imeganda, ikabidi waiyeyushe kwanza kwa moto chini ya mabati ndipo mashine ichimbe. Wanaume walikwenda kuzika. Mimi nilibaki na wanawake, nikiambiwa pole, nikiambiwa nina bahati ya kumtunza mama mpaka mwisho, nikiambiwa pepo yangu iko wazi. Nilikuwa naitikia amin.

Khitima ilisomwa kwenye ukumbi wa msikiti wetu, ambao zamani ulikuwa duka la fanicha. Baada ya dua kakangu alisimama kuwashukuru watu. Wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, tukimsikia. Alimshukuru mume wangu, akasema hana cha kumlipa. Kisha akasema, "Na dadangu. Huyu ndiye alimtunza mama yetu. Mimi nilikuwa mbali kwa sababu ya mambo ya dunia, na yeye ndiye aliyesimama." Wanawake waliokuwa karibu nami wakanigusa magoti na mabega. Nilitamani sakafu ile ya zamani ya duka la fanicha ipasuke niingie.

Siku ya tatu alikuja ofisini kwangu. Alisema nyumbani kuna watu wengi, anataka kukaa mahali kimya. Nilikuwa nimebandika karatasi mlangoni kwamba tuna msiba, kwa hiyo hapakuwa na mteja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama rundo la majalada, akatoa bahasha kwenye koti.

"Basi nifanyie kabisa na kodi zangu, nikiwa hapa," alisema. "Nimebeba."

Nikafungua kompyuta. Nikaandika jina lake, jina la mkewe, watoto. Ikafika mahali pa kuandika jimbo la makazi. Vidole vikakataa. Nilikuwa nimeandika Texas kwa ajili yake mara tatu, na sasa mama yuko chini ya ardhi, na huyu mtu ametoka kunishukuru mbele ya ukumbi mzima.

"Sheria ilibadilika," nilisema.

"Gani?"

"Ya pensheni. Hapa. Ilibadilika mwaka ule ule ulionunua nyumba, wiki chache tu baadaye. Na mimi nilijua kwamba inakuja. Mzee mmoja aliniambia kabla hujasaini. Aliniambia nikwambie usubiri. Na hata ilipopita, jeshi bado lingekuhamisha. Sikukwambia. Sikutaka uje, kwa sababu ukija mama angeniacha."

Nilisema yote kwa pumzi moja, nikiangalia kompyuta. Nilingoja anitukane. Ningefarijika. Kakangu ana sauti ya sajenti. Akiamua kufoka, watu wa saluni wangesikia.

"Najua," alisema.

Nikamgeukia.

"Si habari ya huyo mzee, hiyo sikuijua. Lakini sheria, niliijua. Sisi wastaafu hutumiwa gazeti la habari zetu, iliandikwa humo. Juni, nafikiri. Nilisoma nikiwa kwenye foleni ya kinyozi." Alikuwa anaikunja na kuikunjua bahasha. "Nikasema, dadangu atanipigia. Yeye ndiye mwenye mji. Akinipigia akaniambia njoo, nauza nyumba nakuja, sisikilizi mtu. Nikangoja. Nikangoja mpaka Agosti. Nikasema basi, hanitaki huko, ana sababu zake. Siwezi kujileta kwenye mji wa mtu bila kuitwa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Mbona hukusema?"

Kule saluni mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma, kisha ikanyamaza. Kakangu alipangusa uso kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana mvi kwenye nyusi.

"Alikuwa akiniuliza kila Ijumaa," alisema. "Nikimpigia baada ya swala. 'Ati mwanangu, serikali ya huku bado hawajaregeza?' Na mimi nikimwambia bado, mama. Kila Ijumaa, miaka yote hiyo. Nikiogopa nikimwambia wameregeza, ataniuliza basi unangoja nini." Akanitazama. "Na wewe alipokuuliza, ulikuwa ukimjibu nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikatafuta siku hata moja. Mamangu alikuwa akiniuliza kila kitu: bei ya mchele, maana ya barua, kesho kutanyesha theluji au la, na kwa nini serikali inamkata huyu ikamwacha yule. Wageni wakija na bahasha za kodi, aliwaambia wamuulize bintiye, kwani hapana asichokijua. Nilikuwa chumba cha pili. Nilimwosha, nilimvika, nilikaa naye garini mara tatu kwa wiki. Na swali hilo moja, kama serikali imeregeza, alilivumilia mpaka Ijumaa akampigia mwanawe aliye Texas, kwa sababu alikuwa amekwisha kujua kwamba kwangu hatapata ukweli.

"Hakuniuliza," nilimwambia kakangu. "Hakuniuliza hata mara moja."